Ahadi ya Mzee Kinyaa

Mgeni aliingia bila kupiga hodi. Haikuwa utovu wa adabu. Mkanda wa mkoba wake ulikatika palepale mlangoni, na vitu vyote vikamwagika sakafuni: kalamu, miwani, leso, na chungwa moja lililobingirika mpaka chini ya cherehani.

"Samahani jamani," alisema yule mama huku akicheka. "Chungwa langu limetangulia kubisha hodi."

"Karibu, karibu," mwenye cherehani alijibu bila kuinua mguu kwenye kanyagio. "Hapa hata machungwa yanakaribishwa. Kasuku, msaidie mgeni."

Kasuku alikuwa amepiga magoti akiokota vipande vya vitambaa, kama alivyofanya kila siku akitoka shule. Alikuwa binti wa fundi huyo, na jina hilo la utani alilipata mapema. Aliweza kuiga sauti yoyote aliyoisikia: mwalimu mkuu akikohoa kabla ya kukasirika, fundi viatu wa jirani akidai kodi imepanda, hata bomba la mtaani linapofunguliwa likatoa upepo badala ya maji. Alitambaa chini ya cherehani, akalitoa chungwa na kumrudishia mgeni kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mgeni alikaa kwenye stuli akingoja mkanda wake ushonwe. Macho yake yalipanda juu, kwenye kamba iliyopita ukutani. Hapo palining'inia wanasesere wa kuvaa mkononi, wale waitwao vikaragosi. Mmoja alikuwa mzee aliyetengenezwa kwa soksi kuukuu, nywele za katani zilizosimama, na macho ya vifungo viwili visivyolingana.

"Na huyu babu ni nani?"

Hilo ndilo swali ambalo Kasuku hakuwahi kuulizwa akanyamaza. Alimvaa mzee mkononi, akatoa sauti nzito yenye mikwaruzo. "Mimi ni Mzee Kinyaa! Wananiambia ninawe mikono. Ninawe tena? Si nilinawa mwaka juzi! Uwiii, tumbo langu! Nani amewasha pikipiki tumboni mwangu?"

Mgeni alicheka mpaka akashika ukuta. "Umemshona wewe?"

"Hapana. Amemshona Kimya," Kasuku alisema, akimwonyesha msichana aliyeketi pembeni na sindano mkononi. "Ni binti wa mama yangu mdogo. Tunaishi pamoja."

Kimya aliinamisha kichwa. Hakuitwa hivyo kwa kukosa la kusema, la hasha. Maneno yalimkwama. Likitoka la kwanza, la pili lilisimama kooni kama gari lililonasa kwenye tope, na darasani wapo waliomcheka. Lakini sindano yake haikukwama kamwe. Akipewa soksi na vifungo viwili, alikurudishia mtu mwenye tabia zake.

Kasuku alieleza kwamba kila Ijumaa walikwenda kituo cha afya kuwachezea watoto wanaongoja kupimwa. Michezo yao ilihusu maji ya kuchemsha na mikono safi. Mama zao walicheka, kisha wakamwuliza nesi maswali ambayo zamani waliona aibu kuyauliza.

Mgeni alisikiliza kwa makini. Mwishowe alisema, "Na mimi nijitambulishe. Mimi ni katibu wa wakfu. Mnajua wakfu ni nini?"

"Ni watu matajiri," Kasuku alisema upesi.

"We, Kasuku!" mama yake alimkemea.

"Mwache aseme. Mimi mwenyewe nimeingia na mkoba uliokatika, sasa huo utajiri uko wapi?" Katibu alicheka, kisha akaeleza taratibu. "Palikuwa na mtu aliyeanza maisha kwa kusukuma mkokoteni. Akafanya biashara ya mbao, akafanikiwa. Alipozeeka aliagiza kwamba sehemu ya mali yake isiuzwe wala isigawanywe. Faida yake ifanye kazi ya watu daima. Sasa hayupo, lakini mali ile inalipa karo ya watoto wenye bidii, inanunua ala za muziki na rangi za wachoraji, inajenga maktaba na kuchimba visima. Wapo wadhamini wanaoilinda. Mimi kazi yangu ni kwenda kuona kwa macho, maana hatutoi kwa kusikia."

Halafu alisema jambo lililomfanya Kasuku asahau vitambaa mkononi. Mwaka huu wakfu ulitaka kuwasomesha watoto wachache katika shule ya sanaa, ile yenye jukwaa la mbao na pazia jekundu. Pale watoto walisoma hesabu na sayansi kama wengine, na pia uigizaji, uchoraji na ushonaji wa mavazi ya jukwaani. Kasuku aliijua shule hiyo. Alikuwa amewahi kusimama nje ya uzio wake, akatazama mpaka akachelewa kurudi nyumbani. Cherehani ya mama yake iliwalisha wote nyumbani, lakini karo ya shule ile isingeiweza.

"Ijumaa nitapita kituo cha afya," Katibu alisema akiinuka. "Msiandae chochote. Fanyeni kama siku zote."

Kesho yake, mara tu walipotoka shule, Kasuku alikuwa na mpango kamili.

"Tutatunga mchezo mpya. Mchezo wa wakfu."

Kimya alikunja uso. "A-amesema tufanye k-kama siku zote."

"Hayo ni maneno ya adabu tu, dada! Mama akimwambia mgeni 'usijisumbue kuleta zawadi', kwani huwa hamtazami mikononi? Watu wazima ndivyo walivyo."

Kimya alitaka kubisha, lakini mpaka neno lake lifike, Kasuku alikwisha chagua vitambaa. Walipata mabaki ya hariri kutoka gauni la bibi harusi, wakatengeneza kikaragosi kipya chenye miwani na mkoba, kikaitwa Malkia Wakfu. Vikaragosi vingine vyote vingemwinamia na kuimba, "Asante, asante, mama mwenye moyo." Kasuku alitunga beti nyingi, na kila ubeti uliishia na asante.

"N-na babu?" Kimya aliuliza.

"Huyo akae kapuni nyumbani. Atamtia mgeni kinyaa kweli."

Ijumaa ilifika. Ukumbi wa kituo cha afya ulijaa kama kawaida. Watoto walilia kwenye mzani wa kuning'inia, akina mama walisogeleana kwenye mabenchi, na karani aliita majina ambayo nusu yake hayakusikika. Katibu hakutafutiwa kiti cha heshima. Alijibana mwishoni mwa benchi, amempakata mtoto wa mtu.

Kasuku na Kimya walijificha nyuma ya shuka iliyofungwa kati ya viti viwili, na mchezo ukaanza. Malkia Wakfu aliinuka. Vikaragosi vikainama. "Asante, asante!" Vikainama tena. Watoto walitazama wakiwa wameduwaa. Ubeti wa pili, wakaanza kujikuna. Ubeti wa tatu, mama mmoja alimnong'oneza mwenzake kwa sauti iliyofika mpaka nyuma ya shuka: "Kwani leo kuna kampeni?"

"Babu yuko wapi?" sauti ndogo iliuliza.

"Tunataka babu mchafu!" mwingine akaitika, na mara ukumbi mzima wa watoto ukashika wimbo wake: "Ba-bu! Ba-bu!" Kasuku alizidisha sauti ya kusifu, nao wakazidisha ya kudai. Kisha kilio kikapasuka.

Aliyelia alikuwa mtoto mdogo wa wodini, mnene wa mashavu, ambaye wote walimwita Kibonge. Nesi alikuwa amemtoa nje akiwa amembeba, na mguu wake ulikuwa umefungwa bandeji tangu siku alipomwagikiwa na maji ya moto. Mchezo ulikatikia hapo. Kasuku alitoka nyuma ya shuka, uso umemshuka.

"Nilimbembeleza ale kwa kumwahidi Mzee Kinyaa," nesi alisema. Hakumlaumu, alieleza tu. "Kesho asubuhi tunamsafisha kidonda na kubadilisha bandeji. Tukimgusa tu, analia mpaka wodi nzima inalia naye."

Kibonge alimtazama Kasuku kwa macho yaliyojaa machozi. "Babu amekufa?"

Swali hilo lilimchoma Kasuku kuliko kelele zote. Alipiga magoti. "Hajafa. Kesho asubuhi nitamleta. Naye atafungwa bandeji kama wewe. Tena hatutaondoka mpaka ulale."

"Kweli?"

"Kweli."

"Sema kwa sauti yake."

"Kweli, mjukuu wangu," ilijibu sauti yenye mikwaruzo, na Kibonge akafuta pua kwa kiganja.

Watu walipotawanyika, Katibu aliwakuta wasichana wakikunja shuka. Kasuku hakungoja kuulizwa.

"Mama, nisamehe. Huo haukuwa mchezo wetu. Kimya alinikataza. Mimi nilidhani ukisifiwa utatupenda."

"Nilifikiri ni hivyo," Katibu alisema. "Sikuja kujitazama, mwanangu. Kioo ninacho nyumbani. Nilikuja kuwatazama wale watoto wakiwatazama ninyi."

"Basi tumekosa?"

"Kukosea ni jambo moja, kukosa ni jingine. Umesema kweli kabla sijakuuliza, na yule babu nilimwona dukani. Kesho asubuhi wadhamini wanakutana kwenye ukumbi wa maktaba. Kila mtoto anayeomba nafasi ataonyesha kazi yake. Njooni na mchezo wenu wenyewe."

Kasuku aliruka juu. Alipotua, Kimya alimvuta mkono na kuelekeza kidole kwenye mlango wa wodi.

Kesho asubuhi.

Kasuku alimkimbilia nesi. Je, bandeji isingeweza kubadilishwa alasiri? Haiwezekani, nesi alisema, daktari wa majeraha hupita asubuhi tu, na kidonda hakingoji. Akamrudia Katibu. Je, wadhamini wasingeweza kuwaona jioni? Katibu alitikisa kichwa kwa huruma. "Wametoka mbali na wanaondoka mchana. Watoto wengine pia wanasafiri. Nikikusogezea wewe, nimemsogeza mwingine. Na hata mimi siamui peke yangu. Ningekudanganya nikisema vingine."

Jioni ile dukani, Kasuku alijaribu kuyageuza maneno mpaka yakae anavyotaka. "Nitakwenda kwa Kibonge Jumapili. Ni mtoto mdogo. Atasahau."

Mama yake aliacha kushona. "Labda atasahau. Na wewe?"

"Mama, si uniambie tu nifanye nini!"

"Sikuambii. Aliyeahidi ni wewe, si mimi. Ukienda ukumbini sitakugombeza, maana najua unavyoipenda ile shule. Ukienda wodini sitakusifu sana, maana ahadi ni deni, na mtu hasifiwi kwa kulipa deni. Lakini kwa vyovyote, mimi ni mama yako, na chakula kitakuwepo."

Kasuku alikaa kwenye lundo la vitambaa. Aliliona lile pazia jekundu likifunguka. Kisha akajiona macho kwa macho na yule mtoto aliyeuliza kama babu amekufa. Alikwisha mwacha mara moja, mbele ya watu, kwa ajili ya kutafuta sifa. Mara ya pili ingekuwa na jina gani?

"Nitakwenda wodini," alisema kwa sauti yake mwenyewe, iliyokuwa ndogo kuliko zote alizoziiga. "Lakini Kimya, wewe nenda ukumbini. Mchukue Mzee Kinyaa. Ndiye kazi yako nzuri kuliko zote. Mimi nitatumia kikaragosi kingine."

Kimya alimtoa mzee kapuni, akamkung'uta, kisha akamsukumia Kasuku kifuani. "H-hapana. Kibonge ameahidiwa yeye."

"Sasa wewe utaonyesha nini?"

"N-nitashona. M-mbele yao."

"Watakuuliza maswali, Kimya!"

"W-watangoja," alisema Kimya, na siku hiyo hakuinamisha kichwa.

Asubuhi, mama alifunga duka akamsindikiza Kimya ukumbini. Kasuku alikwenda wodini peke yake, kikaragosi mkononi. Kibonge alikuwa amejifunika gubigubi, lakini aliposikia mkwaruzo wa sauti, jicho moja lilitokeza.

"Ninyi watu mnanipeleka wapi?" Mzee Kinyaa alilalama. "Mimi sina ugonjwa! Nina vumbi tu la urithi!"

Daktari aliingia na nesi aliyebeba sinia ya dawa. Alimtazama yule mzee wa soksi, akaielewa kazi iliyokuwa ikifanyika, akaingia mchezoni. "Mzee, mara ya mwisho kuoga ilikuwa lini?"

"Daktari, hiyo ni siri kati yangu na bomba."

Kibonge alicheka. Bandeji ilipoanza kufunuliwa kicheko kiligeuka kilio, kwa sababu maumivu hayadanganyiki kwa soksi. Aliushika mkono wa Kasuku kwa nguvu zake zote. Mzee Kinyaa naye alipiga kelele kila nesi alipomgusa kwa pamba, kelele kubwa za kitoto, mpaka Kibonge akajikuta kati ya machozi anambembeleza: "Nyamaza babu, nyamaza, inaisha." Na kweli iliisha. Wote wawili walifungwa bandeji safi nyeupe. Wodi haikulia siku hiyo.

Dawa ya maumivu ilianza kumlegeza Kibonge. Kasuku alikuwa akimwimbia pole pole kwa sauti ya babu mlango uliposukumwa. Aliingia mama yake, akafuata Kimya aliyeng'aa kama sarafu mpya, na nyuma yao Katibu akihema.

"Kimya amepata nafasi," Katibu alinong'ona. "Ameshona kikaragosi mbele ya wadhamini wote. Wakamwuliza hawa vikaragosi wanaongea vipi, naye akasimama akawaeleza habari zako mwanzo hadi mwisho. Ilimchukua muda, na hakuna aliyemharakisha. Tena wamekubali kuwapa vitambaa na pazia kwa michezo yenu ya Ijumaa, kwa sababu hiyo ni afya ya mtaa mzima. Sasa sikiliza. Wanakunywa chai kabla ya kuondoka. Kimya amewaomba wakuone. Gari liko nje. Twende sasa hivi."

Moyo wa Kasuku uliruka kuliko hata jana. Alianza kuinuka. Vidole vinene vilikaza kwenye mkono wake.

"Babu, unaondoka?" Kibonge aliuliza, macho nusu yamefumba.

"Nitakaa naye mimi," nesi alisema. "Nenda, mwanangu. Hatachelewa kulala."

Ingekuwa rahisi. Hakuna ambaye angemlaumu. Kasuku alitazama mlango, akamtazama mtoto, kisha akaketi tena, machozi yakimtiririka.

"Siondoki, mjukuu wangu," sauti ya mikwaruzo ilisema. "Bado hujalala."

Kimya alitaka kusema neno, likakwama, akamshika bega tu. Katibu alichuchumaa kando ya kitanda.

"Basi nisikudanganye. Nafasi za mwaka huu zitafungwa leo. Mwakani mlango utafunguliwa tena, na utaomba kama wengine wote, bila upendeleo."

Kasuku aliitikia kwa kichwa.

"Lakini nataka ulijue jambo moja, na Kimya pia alijue," Katibu aliendelea. "Watu hudhani wakfu ni fedha. Fedha zingekuwa zimeliwa zamani. Wakfu ni ahadi. Yule mzee wa mbao aliwaahidi watoto ambao hakuwaona wala wasingeweza kumdai. Mtu ambaye hawezi kukudai, huyo ndiye anayeonyesha neno lako lina uzito gani. Kila maktaba na kila kisima kimesimama juu ya neno la namna hiyo. Na wewe leo umeliweka lako."

Mama yake alisogea karibu. Alitoa leso, akampangusa machozi, kwa kuwa mikono ya Kasuku yote miwili ilikuwa na kazi.

Katibu aliaga na kutoka. Nje gari likawashwa, likaondoka kuelekea maktaba. Kasuku alilisikiliza mpaka mlio wake ukapotea, kisha akaushika wimbo pale alipokuwa ameuacha, kwa sauti ya babu, taratibu zaidi. Jicho moja la Kibonge lilikuwa bado wazi.